Pingili Imehama, Imekwenda Wapi?

Ukutani pale mapokezi ya kliniki ya kunyoosha mgongo kulikuwa na bango kubwa la mgongo wa binadamu, umechorwa kwa ubavu, kila pingili na mstari wake wa rangi unaoelekea kwenye kisanduku cha maneno. Pingili ya kwanza ya shingo: maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, presha. Ya sita ya kifuani: tumbo na kiungulia. Ya kumi: figo. Ya tatu ya kiunoni: kibofu, kizazi, kukojoa kitandani, magoti, na lile jambo ambalo wanaume wawili tuliokaa nao benchi moja walilisoma haraka kisha wakainamia simu zao, yaani nguvu za kiume.

Mimi nilikuwa nimepeleka kiuno tu. Kiuno changu kinauma kama viuno vya watu wengi wa Dar, wanaoshinda kwenye kiti ofisini halafu jioni wanakaa tena kwenye foleni ya Ubungo. Nilikuwa nimeshaambiwa yote: shangazi alisema ni figo, ninywe maji, dereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu alisema ni ngiri, ofisini mtu akanihakikishia ni UTI. Bango lile lilifurahisha kwa sababu liliwapa wote haki. Figo lipo, kibofu kipo, na vyote eti vinaanzia mgongoni.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole mwenye mikono ya moto. Alinilaza kifudifudi, akashika visigino vyangu, akavilinganisha. "Kaka, mguu wako wa kulia ni mfupi kidogo, unaona?" Nilikuwa nimelala uso chini, nisingeweza kuona kitu. Kisha akaniwekea picha yangu ya eksirei kwenye kompyuta, akachora mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pale chini mstari ukapinda kidogo. Pingili ya nne na ya tano za kiunoni zimehama, akasema. Zinabana mishipa ya fahamu. Tusipozirudisha mapema, baadaye tatizo litaingia kwenye figo na kwenye uzazi.

Sina sababu ya kudhani hakuamini alichokuwa akisema. Lakini nimeisoma sana fani hii ya kairopraktiki, yaani ya kutibu kwa kunyoosha pingili kwa mikono, tangu wakati ule, na msimamo wangu ni kwamba mikono ya watu hawa inaweza kukupunguzia maumivu, ila hadithi inayoambatana na mikono hiyo haina kichwa wala miguu. Na hadithi ndiyo inayotuumiza, kwa sababu ukishaondoka pale unaondoka nayo nyumbani.

Hadithi yenyewe ina tarehe na anuani. Septemba 18, 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi, Daniel David Palmer alimbonyeza mgongo bwana mmoja aliyeitwa Harvey Lillard. Palmer alizaliwa Kanada mwaka 1845. Alikuwa amefundisha shule, amefuga nyuki, amekuwa na duka la vyakula, na hatimaye akawa mganga anayetibu kwa kile alichokiita sumaku ya mikono. Lillard alikuwa Mmarekani mweusi aliyefanya usafi kwenye jengo lenye ofisi ya Palmer, na masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka 17. Palmer alisimulia kwamba alipapasa mgongo wa Lillard, akakuta pingili moja imetokeza, akaisukuma mahali pake, na Lillard akaanza kusikia.

Binti yake Lillard aliisimulia kwa namna nyingine miaka mingi baadaye. Kwa maelezo yake, baba yake alikuwa akipiga soga na rafiki yake ukumbini nje ya ofisi, Palmer akajiunga nao, na kichekesho kilipofika patamu Palmer akacheka na kumpiga Lillard mgongoni kwa kitabu kizito alichokuwa amekishika. Siku chache baadaye Lillard akasema anasikia nafuu. Mimi binafsi naona toleo la binti lina harufu ya ukweli zaidi, lakini hata tukilikubali la Palmer lilivyo, tatizo liko palepale: mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka kwenye ubongo na kuingia sikioni ndani kwa ndani ya fuvu. Haushuki shingoni wala haupiti mgongoni. Ukisukuma pingili yoyote unayotaka, huugusi.

Palmer hakuishia kwenye masikio. Katika maandishi yake ya mwaka 1910 aliweka hesabu kabisa: asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na asilimia 5 zilizobaki husababishwa na viungo vingine vilivyohama. Kwa imani yake mwili una akili ya asili iliyo hai, inayoshuka kutoka ubongoni kupitia mishipa ya fahamu, na mfupa ukikaa vibaya unaizuia isifike inakotakiwa. Ondoa kizuizi, mwili utajiponya. Ni wazo tamu. Tena lilianza pale kwa Lillard mwaka 1895, miaka 13 baada ya Robert Koch kutangaza, mwaka 1882, kwamba amemwona kwa darubini mdudu anayesababisha kifua kikuu. Kumbuka hilo la kifua kikuu, tutalifikia.

Mwaka 1906 Palmer alifungwa kwa kutibu bila leseni, na shule aliyoianzisha mwaka 1897 ikaangukia mikononi mwa mwanawe, B.J. Palmer. Huyu mtoto ndiye aliyeifanya fani iwe kubwa. Alileta mashine za eksirei mapema sana, akamiliki kituo cha redio, na miaka ya 1920 akaja na kifaa cha kupima joto pande mbili za mgongo, ambacho alikikodisha kwa wenzake kwa bei iliyowafanya wengi wamkasirikie. Ule mstari mwekundu niliochorewa kwenye kompyuta una ukoo wake Davenport.

Sasa tuangalie mgongo wenyewe.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunauwazia kama matofali yaliyopangwa bila udongo: moja likisogea, ukuta umeharibika, na mtu mwenye ujuzi anaweza kulirudisha kwa kulisukuma. Mgongo haujajengwa hivyo. Una pingili 24 zinazoweza kucheza, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha chini kuna zile zilizoungana na kuishia kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, gegedu ngumu yenye ute mzito katikati. Mbele na nyuma zimefungwa kwa kano ndefu zinazoshuka toka juu hadi chini, pembeni kuna viungo vidogo viwili kila ngazi, na juu ya hayo yote kuna tabaka kwa tabaka za misuli. Ndiyo maana mama anaweza kuubeba mzigo wa kuni kichwani kutoka porini, akainama, akanyooka, akapita kwenye mashimo, na asifike nyumbani pingili moja imebaki njiani.

Mishipa ya fahamu hutoka jozi 31 kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa mgongo, na kila tundu lina nafasi kuuzidi mshipa unaopita humo. Mwaka 1973 Edmund Crelin, mwalimu wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Yale, aliamua kulijaribu dai la Palmer kwa mikono. Alichukua migongo ya watu waliofariki saa chache tu zilizopita, akaifunga kwenye mashine, akaisukuma na kuipinda huku akipima kama mfupa unaugusa mshipa wa fahamu. Haukuugusa, hata alipoongeza nguvu mpaka mgongo ukaelekea kuvunjika. Wapo waliomjibu kwamba maiti si mtu hai, na ni kweli. Lakini tangu hapo hakuna aliyeonyesha, kwa mtu hai, pingili inayohama kidogo, ikaubana mshipa, ikamletea mtu kiungulia.

Mwaka 2010 baraza linalosimamia fani hii Uingereza, yaani chombo chao wenyewe, lilitoa tamko kwamba dhana ya pingili kuhama na kusababisha magonjwa ni dhana ya kihistoria ambayo bado ipo kama nadharia tu, na haina ushahidi wa kitabibu wa kuunga mkono kwamba ndiyo chanzo cha magonjwa. Kuna wanakairopraktiki wengi tu, hasa vijana waliosoma vizuri, ambao wameshaiacha. Wanatibu maumivu ya mgongo na shingo, basi, na bango la ukutani hawana.

Kwa upande wa figo, kuna ushahidi ulio karibu zaidi na sisi. Novemba 2017 Muhimbili walianza kupandikiza figo. Figo linapotolewa kwa ndugu na kupandikizwa kwa mgonjwa, daktari anaunganisha mishipa ya damu na mrija wa mkojo. Mishipa ya fahamu haiunganishi, inabaki imekatwa. Na figo linafanya kazi, mkojo unatoka, mara nyingine mgonjwa akiwa bado yuko mezani. Moyo uliopandikizwa nao hudunda bila waya wowote kutoka mgongoni. Mishipa ya fahamu inayotoka mgongoni ina kazi yake kwenye viungo hivi, inaharakisha na kupunguza, lakini kama figo linaweza kuishi bila mshipa kabisa, mfupa uliosogea milimita mbili utaliuaje?

Presha nayo? Hapo hadithi inavutia. Mwaka 2007 madaktari wa Chicago walichapisha jaribio la watu 50 wenye presha, ambapo baadhi walinyooshwa pingili ya kwanza ya shingo, na baada ya wiki 8 presha yao ilishuka kwa kiasi kikubwa kuliko ya wale waliofanyiwa igizo tu la kunyooshwa. Habari ile ilizunguka dunia na mpaka leo unaletewa kwenye WhatsApp. Isiyozunguka ni ya mwaka 2016, ambapo watafiti wenye uhusiano na chuo cha Palmer chenyewe walijaribu kunyoosha pingili za juu za shingo kwa kulinganisha na igizo, na hawakuona presha ikishuka kwa kiasi cha maana. Nawavulia kofia kwa kuichapisha. Wewe vidonge vyako vya presha endelea navyo.

Nisieleweke kwamba mshipa wa fahamu haubanwi. Unabanwa, na aliyewahi kubanwa hahitaji kuelezwa. Kinachobana mara nyingi ni diski. Ukuta wake unachanika, ule ute wa katikati unachomoza nyuma na kugusa mzizi wa mshipa, na kemikali zilizomo zinauwasha mshipa hata kama haujakandamizwa sana. Walioliweka jambo hili wazi ni Mixter na Barr wa Boston mwaka 1934, yaani karibu miaka 40 baada ya Lillard. Maumivu yake yana tabia: yanatoka kiunoni au kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja, yanapita goti, yanafika kwenye unyayo au kidole gumba, kama moto au shoti ya umeme. Unaweza kupata ganzi sehemu maalumu, au ukashindwa kutembea kwa visigino. Kukohoa kunaongeza. Hiyo ndiyo ramani ya mshipa mmoja, na daktari anayejua kazi yake anaifuata kwa pini na nyundo ya mpira kabla hajakutuma kwenye kipimo chochote. Hakuna mahali ambapo ramani hiyo inapita kwenye kiungulia.

Na hata hiyo, kwa wengi, inapona yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Mwili unakitafuna kile kipande kilichochomoza. Ni jambo la ajabu kuona picha za mtu yuleyule, kabla na baada, kipande kikubwa kimetoweka na hakuna aliyekigusa.

Pingili pia huweza kuteleza kweli mbele ya mwenzake, na inaonekana kwenye eksirei bila kuchora mstari wowote. Wapo wanaoishi nayo bila maumivu. Ila ikishateleza namna hiyo, hakuna mikono inayoweza kuisukuma ikarudi. Inaimarishwa kwa misuli, na kwa wachache kwa upasuaji wa kuifunga.

Naomba nikae kidogo kwenye hizi picha, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapoishia. Siku hizi ukienda na kiuno unarudi na ripoti ya MRI, na ripoti inasema diski zimesagika ngazi mbili, nyingine imevimba. Mtu akishaisoma anaanza kutembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, na asilimia 30 zilizovimba. Kati ya wenye miaka 80, waliochakaa walikuwa asilimia 96. Hawaumwi! Kusagika ni mvi za ndani. Picha peke yake, bila ya mtu kukuuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, haijui kama kile inachokuonyesha ndicho kinachouma. Kwa hiyo ule mstari wangu mwekundu ungeweza kuchorwa kwa mtu yeyote aliyekuwa kwenye lile benchi, na kwa yule dada wa mapokezi pia. Hali kadhalika mguu mfupi: watu wengi wamepishana miguu kwa milimita chache.

Baada ya maelezo yake yule kijana alininyoosha. Nililala ubavu, akakunja goti langu la juu, akashika bega, akanisokota taratibu mpaka pale mwili unapokataa, akasema "vuta pumzi, toa," na akasukuma ghafla. Ka-ka-ka! Nilihisi joto likisambaa kiunoni, na nilipoinuka nilijihisi mwepesi mno. Siongezi chumvi, nilitoka pale nikitembea kama kijana. Jioni ya siku ya pili maumivu yalikuwa yamerudi.

Mlio ule si wa mfupa kurudi mahali pake. Kiungo kina majimaji yenye gesi iliyoyeyuka ndani yake. Ukikitanua ghafla, shinikizo linashuka, na shimo la gesi linafunguka. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Alberta, Kanada, walilipiga picha tukio hilo kwa MRI kwenye vidole, na unaliona shimo likijitokeza mara kidole kinapolia. Ndiyo maana ukishakialisha kidole inakubidi usubiri kama dakika 20 kabla hakijalia tena. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyealisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 ili aone kama mama yake alikuwa sahihi kwamba ataharibu viungo. Mikono yote ilibaki sawa. Walimpa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2009, nami naamini aliistahili.

Lakini unafuu ulikuwa wa kweli. Ule mshtuko wa ghafla unaituliza misuli iliyokaza na kubadilisha kwa muda namna ubongo unavyozipokea taarifa za maumivu kutoka eneo lile. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 9,211 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kunyooshwa mgongo kulisaidia kwa kiwango kilekile na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama mazoezi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na humo kunyoosha mgongo kumo pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa. Mikanda ya mgongo, ile inayotandazwa Kariakoo kwenye vibaraza, hawaipendekezi. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo shangazi zangu wako kila nchi.

Na madaktari wasijione watakatifu. Mwaka 1963 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati ya kupambana na matapeli, na lengo lake kubwa likawa kuifuta kairopraktiki. Madaktari walikatazwa hata kushirikiana nao. Mwaka 1976 baadhi ya wanakairopraktiki walifungua kesi, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama kile kilivunja sheria ya ushindani kwa kula njama dhidi yao. Hukumu hiyo haikusema nadharia ya Palmer ni sahihi, ingawa hivyo ndivyo inavyonukuliwa sana. Ilisema hamruhusiwi kumsusia mshindani wako kwa njama.

Nikirudi nyumbani kwetu, mnyoosha shingo mkubwa kuliko wote mjini hajawahi kusikia habari za Davenport. Ni kinyozi. Nyoa, osha, skrabu, masaji ya mabega, halafu unasikia: "Braza, nikunyooshe shingo?" Kabla hujajibu kidevu chako kiko kwenye kiganja chake. Mimi sikubali tena, na kinyozi wangu amezoea. Kwenye shingo, mishipa miwili ya damu inayoenda nyuma ya ubongo inapanda kupitia matundu ya pingili zenyewe, na pale juu kabisa inakunja kona kali. Msokoto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa huo, damu ikaganda pale, na kipande kikapanda kichwani kikaleta kiharusi. Ni nadra, na mara nyingine mtu huja ananyooshwa kwa sababu mshipa ulikuwa umeshaanza kuchanika na ndio uliokuwa unamuuma. Lakini kwa shingo tu iliyolala vibaya, sioni sababu ya kuubahatisha. Aliyesomea kweli anatakiwa akuulize maswali kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ulitaka anayeanzia mwanzo afundishwe kwa saa zisizopungua 4,200, huku 1,000 zikiwa za kutibu chini ya usimamizi. Afrika Kusini wanaisomesha vyuoni, Durban na Johannesburg. Kwa hiyo muulize mtu wako alisomea wapi, na kama anakwepa swali, vaa viatu.

Shingo ni habari moja. Kinachonitisha zaidi kwa mgongo, kwa nchi zetu, ni kifua kikuu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwemo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na ukitoka kifuani ukaingia kwenye mifupa, mahali unapopapenda kuliko pote ni mgongo, hasa chini ya kifua na mwanzo wa kiuno. Unakula pingili na diski polepole. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza mwaka 1779, na kibyongo kile chenye ncha unachokiona kwa baadhi ya wazee mara nyingi ni kazi yake.

Mtaani kwetu alikuwepo fundi seremala ambaye alikandwa mgongo kwa miezi. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi yenye karafuu, kikombe cha kuvuta damu, yote. Alikuwa anakonda na watu wakasema ni mawazo. Usiku analowa jasho, wakasema ni joto la Dar. Alipoanza kukokota mguu ndipo mkewe akampeleka hospitali, wakakuta pingili mbili zimeliwa na usaha umejaa pembeni. Alitibiwa kwa vidonge vya TB, ambavyo hapa nchini ni bure, akapona, na leo anapiga randa akiwa ameketi kwenye kigoda kirefu. Fikiria kama yule aliyekuwa akimkanda angekuwa na mbinu ya kusukuma ghafla juu ya pingili ile.

Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaweka mikono yake, iwe ni kinyozi, mkandaji au mwenye shahada, kuna mambo yanayotaka hospitali kwanza: kukonda bila sababu, homa au jasho la usiku, maumivu yasiyokuacha hata ukilala, uliyewahi kuugua saratani, mzee wa kiume ambaye mgongo umeanza kuuma ghafla na mkojo unamsumbua. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi waongeze brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao nao hukaa mgongoni. Na ukihisi ganzi sehemu zile unazokalia kwenye baiskeli, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, miguu yote ikawa dhaifu, usisubiri kesho. Hapo mishipa ya chini kabisa imebanwa kweli, na mpasuaji ana saa chache za kuiokoa.

Kuhusu mimi, nilipewa kifurushi cha miezi mitatu, kilipiwe mapema, punguzo likiwepo kwa atakayelipa siku ileile. Niliuliza tutajuaje kwamba pingili zimerudi. Akasema tutapiga eksirei nyingine. Nikauliza, na kama maumivu yameisha lakini mstari bado umepinda? Akasema basi tutaendelea, maana maumivu ni dalili ya mwisho kuja na ya kwanza kuondoka. Hapo nikaona mlango umefungwa kila upande: ukiumwa unahitaji kunyooshwa, usipoumwa unahitaji kunyooshwa. Nililipia siku ile moja nikashukuru. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia mgongo wangu hauna kosa ila haufanyi kazi, akanipa mazoezi ya kuinua makalio nikiwa nimelala chali na kutembea kila jioni kabla ya giza. Kinauma nikizembea.

Juzi shemeji yangu alinipigia. Ana mtoto wa wiki sita anayelia kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, na ameona video ya kichanga kinanyooshwa mgongo huko ng'ambo, kinalia mara moja kisha kinalala. "Shemeji, si ndiyo yaleyale ya bibi ya kumnyoosha mtoto?" Bibi anamkanda kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, anamvusha mkono kifuani taratibu, mtoto anacheka. Nikamwambia hilo aliache kwa bibi. Kuhusu ile video, nilimweleza kwamba Australia mwaka 2019 baraza la kairopraktiki liliwataka wanachama wao waache kuwasukuma pingili watoto wa chini ya miaka 2, na kwamba serikali ya jimbo la Victoria ilipoitisha mapitio ya ushahidi, ilikuta hakuna wa maana kwamba kunawasaidia vichanga wanaolia. Kulia kwa namna ile huwa kunapungua mtoto akifika miezi mitatu au minne. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hiyo miezi mitatu nalala saa ngapi?" Nikamwambia Jumamosi amlete kwetu mchana, na yeye alale.